Mashine imfuate maalem: kutengeneza muziki wa elektroniki juu ya gimbri la Moroko

Gimbri ni gogo lililochongwa tumbo, likawambwa ngozi ya ngamia, likatiwa shingo ya mviringo mfano wa mpini wa jembe, na nyuzi tatu. Mpigaji huzicharaza nyuzi huku akigonga ngozi kwa vidole vya mkono uleule, kwa hiyo besi na ngoma hutoka kwenye chombo kimoja. Pembeni yake hukaa wenye karakebu, vile vyuma vya mkononi vinavyogonganishwa kwa kasi mpaka masikio yawashe. Huu ni muziki wa gnawa, muziki wa wazao wa watu waliovushwa Sahara wakiwa watumwa, kutoka Sahel na Afrika Magharibi, wakaishia Moroko. UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2019, na mji wa Essaouira una tamasha lake tangu 1998.

Maprodyuza tunaukimbilia kwa sababu unaonekana kama umeshajiandaa kwa mashine. Mzunguko unajirudia, besi ipo tayari, na karakebu zinafanya kazi ya hai-hati, yale matoazi madogo ya kasi ya ngoma za mashine. Nami niliingia kwa mlango huo. Kazi yangu ya kwanza nilichukua dakika nne za gimbri, nikazikata vipande, nikavinyoosha vyote vikae kwenye mapigo 118 kwa dakika, nikaweka kiki, ile ngoma nzito ya mashine, chini yake. Ilisikika safi kabisa. Nikampigia wimbo huo mwenyewe aliyelicharaza gimbri. Akaanza kupiga makofi kufuatisha, kama wafanyavyo wao, na kufikia dakika ya tatu makofi yake yalikuwa yameiacha kiki nyuma. Alikuwa anapiga makofi pale ambapo wimbo ulipaswa kuwa umeshafika.

Tangu siku hiyo nafanya kinyume. Mashine inamfuata yeye. Hatua zinazofuata ni za kuifanya mashine ikubali kufuata, na nyingi zinawezekana kwa kompyuta moja, maiki mbili na uvumilivu.

1. Sikiliza usiku mzima kwanza

Wagnawa wana mkesha wanaouita lila, yaani usiku, neno lilelile ambalo washairi wetu wanaliandika laili. Kiongozi wa muziki anaitwa maalem, ambalo ni neno lilelile la maalim na mwalimu kwetu, isipokuwa kule maana yake kubwa ni fundi aliyeiva. Usiku unaanza na maandamano ya ngoma kubwa, unafuata muziki wa kucheza na kuwakumbuka wazee waliotoka kusini, kisha ndipo inapoingia sehemu ya mluk, wale pepo wenye kumpanda mtu. Kila kundi lao lina rangi yake, ubani wake na nyimbo zake: Sidi Mimoun mweusi, Sidi Moussa wa bahari buluu, Sidi Hamou mwekundu, Lalla Mira njano.

Msomaji wa Pwani aliyewahi kukaa kwenye ngoma ya pepo hatahitaji kuelezwa mengi hapa. Kila pepo na ngoma yake, na ngoma haikatizwi wakati mtu amepanda. Kwa Wagnawa ni vivyo hivyo. Maalem anamtazama mchezaji, anamsukuma kidogokidogo, mwendo unaongezeka, na hawaachi mpaka mwenyewe amalize. Kwa hiyo wimbo kuongeza kasi ndiyo kazi yenyewe ya wimbo. Ukiunyoosha ukae kwenye namba moja, umeondoa kile ambacho wimbo ulitungiwa.

Kama huwezi kufika Moroko, tafuta rekodi ndefu, za dakika kumi na kuendelea, zilizorekodiwa ukumbini au nyumbani bila kukatwa. Sikiliza moja mara tano ukiwa na kalamu. Andika ni dakika ipi kasi imepanda, ni wapi waitikiaji wameingia, na ni wapi gimbri limebadilisha sentensi. Usiguse programu yoyote kabla hujaweza kupiga makofi na rekodi hiyo mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Utapotea mwanzoni, maana sentensi ya gimbri mara nyingi haianzii pale pigo la kwanza lilipo. Fuata makofi na miguu ya wachezaji.

2. Uliza kinachorekodiwa, na muandikiane

Mwulize maalem wazi: ni nyimbo zipi ziko huru kupelekwa klabu, na zipi hazipelekwi? Majibu hutofautiana baina ya mtu na mtu. Wapo wanaopiga nyimbo za mluk jukwaani kila mwaka na hawaoni tatizo, na wapo watakaokuambia uchukue za sehemu ya kwanza ya usiku tu, zile za kucheza. Jibu utakalopewa ndilo la kufuata. Baadhi ya maneno yanayoimbwa yana asili ya Kibambara, Kifulani na Kihausa, na waimbaji wengine hawajui tena maana yake neno kwa neno. Ukikata silabi mbili za neno kama hilo ukazirudisha mara mia mbili kwa sababu zinasikika vizuri, hujui umeita nini.

Kisha karatasi, na hapa naomba tusioneane aibu. Muziki huu ni wa jadi, hauna mtunzi mmoja, na ndiyo mwanya unaotumika: prodyuza anaweka kiki, anajisajili kuwa mtunzi, na fedha zote za utunzi zinamwendea yeye. Andika “wimbo wa jadi”, kisha taja waliopanga muziki, maalem akiwemo. Ninavyofanya mimi ni kumlipa kila mtu ujira wa siku kabla ya kuwasha maiki, wenye karakebu wakiwemo, kisha mapato ya rekodi tunagawana nusu kwa nusu kati ya upande wa studio na kundi. Karatasi iwe kwa Kiarabu au Kifaransa, yaani lugha anayoisoma yeye, na nakala abaki nayo. Kama wewe umesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na yeye yuko kwenye ofisi ya hakimiliki ya Moroko, jazeni fomu siku ileile mkiwa mmekaa pamoja. Ukimaliza, mpe faili zote za WAV kwenye flashi. Ni sauti yake.

3. Kurekodi

Rekodi kwa biti 24 na 48 kHz, na vilele visivuke desibeli 12 chini ya sifuri. Gimbri lina pigo la ghafla la kidole kwenye ngozi, na kipimo kikikaa juu litapasuka pale tu maalem anapopamba moto.

Maiki ya kwanza, ya kondensa, iweke kama sentimita 35 kutoka kwenye ngozi, ikielekea kwenye daraja la nyuzi kwa mshazari. Usiielekeze kwenye vidole, utapata mikwaruzo mitupu. Ya pili iweke karibu na shingo. Magimbri mengine yana bati lenye vipete mwishoni mwa shingo, linalovuma kila uzi unapotikisika. Wahandisi wa sauti wengi huomba litolewe kwa kuwa linaleta kelele. Naomba uliache. Mvumo ule ndio unaolifanya gimbri lisikike hata kwenye spika ndogo ya simu isiyo na besi.

Karakebu usizirekodi chumba kimoja na gimbri kwa wakati mmoja, isipokuwa chumba ni kikubwa sana. Zitameza kila kitu. Rekodi gimbri na sauti ya maalem kwanza, wimbo mzima, bila metronomu masikioni. Kisha wenye karakebu wasikilize kwenye hedifoni wapige juu yake, maiki ikiwa mita moja na nusu au mbili mbele yao. Vaa kinga ya masikio, na usione aibu kumpa kila mtu ya kwake. Mwisho waitikiaji, wote wamesimama kwenye maiki moja.

Kuna faili moja ambalo watu hulisahau na baadaye linakuwa la thamani kuliko yote. Wakati maalem anarekodi gimbri, mkalishe kijana mmoja wa kundi lake chumba cha pili na hedifoni, apige makofi ya mapigo makuu tangu mwanzo hadi mwisho, yakaingia kwenye njia yake peke yake. Hayo makofi hayatasikika kwenye wimbo. Ni ramani yako.

4. Sinthi itafute gimbri lilipo

Gimbri halifungwi kwa A ya 440 Hz, noti ya kupimia ya vinanda. Maalem anakaza nyuzi kulingana na koo lake la siku hiyo. Kwa hiyo usimwombe akaze upya ili afanane na kinanda chako. Chukua kipima sauti, pima uzi mzito ukiwa wazi. Tuseme umepata 71 Hz. D ya chini ya kinanda ni 73.42, maana yake gimbri liko chini yake kwa senti 58 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni). Basi shusha sinthi zote, yaani vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti, kwa senti 58, umemaliza. Karibu kila sinthi na kila plagini ina kitufe cha kurekebisha sauti ndogondogo.

Pima tena katikati ya wimbo na mwishoni. Ngozi ni kitu hai, inalegea kwenye unyevunyevu na kukaza kwenye joto, na Essaouira ni mji wa bahari kama Mombasa au Unguja. Ukikuta gimbri limesogea senti 10 kati ya dakika ya kwanza na ya tisa, chora otomesheni ya kitufe kile (mstari unaokisogeza chenyewe wimbo ukiendelea) ili sinthi zisogee pamoja nalo. Usilipitishe gimbri kwenye programu ya kunyoosha sauti.

Muziki huu unatembea kwenye skeli ya noti tano. Kodi za piano za skeli ya noti saba zitalifanya gimbri lisikike kama tangazo la hoteli. Anza na sauti moja ndefu ya sinthi iliyokaa kwenye uzi mzito, na uone kama unahitaji zaidi. Mara nyingi huhitaji.

5. Ramani ya mwendo

Hapa ndipo kazi ilipo, tenga siku nzima.

Ingiza rekodi ya gimbri na ile ya makofi kwenye programu yako, na uzime kabisa kipengele cha kunyoosha sauti kwenye gimbri. Kazi yako ni kuisogeza gridi ya programu, ile mistari ya mapigo kwenye skrini, ikae chini ya makofi. Kwenye Logic kuna hali ya Smart Tempo inayoitwa Adapt, inayoifanya programu ifuate rekodi. Kwenye Ableton Live unaweka alama za warp juu ya makofi, kisha unaiambia klipu hiyo iwe kiongozi wa tempo. Kwenye Reaper unachagua kipande cha muda kinacholingana na mzunguko mmoja na kuamuru kiwe baa moja, kisha unakwenda kwa kinachofuata. FL Studio, ambayo ndiyo iko kwenye studio nyingi za Dar na Nairobi, haina njia rahisi kama hizo. Unabofya kulia kwenye tempo, unatengeneza klipu ya otomesheni, na unaichora kwa mkono huku ukisikiliza metronomu na makofi kwa pamoja mpaka viwe kitu kimoja. Inachosha, lakini inawezekana.

Zaidi ya programu yoyote, swali la maana ni uweke alama ngapi. Ukiweka alama kwenye kila kofi, mashine itaanza kutetemeka, kwa sababu utakuwa umenakili hata zile milisekunde tano za mkono uliochelewa kidogo. Ukiweka alama kila baada ya dakika, mashine itaachana na maalem kati ya alama moja na nyingine. Kwangu mimi alama moja kwa kila mzunguko wa gimbri ndiyo inayokaa. Inashika nia ya mpigaji na kuacha nje mtetemo wa mkono.

Ukimaliza utakuwa na mchoro wa mwendo. Wa wimbo mmoja wangu ulianza kwenye 92 na kuishia 131, kwa dakika tisa. Lakini haukupanda kama ngazi. Ulikaa dakika mbili karibu na 94, ukapanda ghafla waitikiaji walipoingia, ukatulia, ukapanda tena. Chapisha mchoro huo au uweke kwenye skrini ya pili. Ndio utakaokuambia wapi pa kuingiza kiki, wapi pa kufungua chujio la kuzuia masafa, wapi pa kuondoa kila kitu. Sijawahi kupanga wimbo wa namna hii vizuri bila huo mchoro mbele yangu.

Ukishakuwa na ramani, weka ngoma ya mashine ya majaribio na usikilize wimbo wote umesimama. Mahali ambapo mwili wako unasita, rudi urekebishe alama. Ukitaka ngoma za mashine zipumue zaidi, usitumie kitufe cha kutawanya mapigo ovyo. Watafiti walikuta kwamba makosa madogo ya mwanadamu anayepiga hayatokei kiholela. Kila kuchelewa kunahusiana na kuchelewa kulikotangulia, kwa muda mrefu nyuma, na wapigaji wawili huvutana. Mwingereza James Holden, ambaye yeye na prodyuza mwenzake Floating Points walirekodi na marehemu Maalem Mahmoud Guinia na kutoa kazi hiyo mwaka 2015, alitengeneza kifaa cha Ableton kinachofuata utafiti huo, kinaitwa Group Humanizer. Kama unatumia Live, kijaribu.

6. Karakebu ndiyo hai-hati, usiweke nyingine

Ndani ya kila pigo kuu karakebu zinagonga haraka kwa mpangilio ambao haulingani na gridi yoyote ya kompyuta. Kwenye mwendo wa 120, pigo moja lina milisekunde 500. Ukiligawa mara tatu sawasawa unapata 0, 167 na 333. Ukiligawa mara nne unapata 0, 125, 250 na 375. Karakebu zinakaa katikati ya mipangilio hiyo miwili, na zinavyozidi kasi ndivyo zinavyobadilika umbo, zikiegemea upande mmoja zaidi. Vuta rekodi yako karibu, pima migongano kumi mfululizo mwanzoni mwa wimbo na kumi mwishoni, uone mwenyewe.

Sasa fikiria umeweka hai-hati ya mashine kwenye robo za gridi juu ya hapo. Mipangilio miwili inagombana, na anayeshindwa ni karakebu, kwa sababu hai-hati ni kali na imenyooka. Zitoe hai-hati zote. Kama unataka kitu cha mashine huko juu, toa mpangilio kutoka kwenye rekodi ya karakebu yenyewe, wengi wanaita gruvu, na uibandike kwenye sinthi. Live na Logic zinaweza kufanya hivyo kwa kubofya mara moja. Gruvu ya dakika ya kwanza isitumike dakika ya nane.

Kwenye miksi, karakebu huumiza kati ya 3 na 8 kHz. Punguza hapo taratibu kwa ikwalaiza inayoitikia ukali, usikate moja kwa moja, la sivyo zitasikika kama vijiko vya chai.

7. Nani anabeba chini

Kiki na gimbri vyote vinataka nyumba moja. Amua mapema. Njia ninayoipenda ni kuishusha kiki chini ya uzi mzito kwa umbali wa tano kamili, yaani ibaki theluthi mbili ya masafa yake. Kwa gimbri letu la 71 Hz, kiki ikae kama 47 Hz, ifupishwe mkia, na gimbri lipunguzwe nguvu kidogo, desibeli mbili au tatu, kila kiki inapogonga. Zaidi ya hapo gimbri litaanza kuyumba kama taa ya jenereta. Masafa yote ya chini ya 100 Hz yawe mono.

Halafu usiigonge kiki kila pigo kwa mazoea. Maalem anagonga ngozi, hiyo ni kiki tayari. Weka yako pale ambapo kidole chake hakipo, na usikilize vinavyojibizana. Mtunisia Sofyann Ben Youssef, anayetumia jina la Ammar 808, ni wa kusikilizwa kwa makini kwenye jambo hili. Jina lake limetoka kwenye TR-808, ngoma ya mashine iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, na kwenye albamu yake ya 2018 aliwakutanisha waimbaji wa Tunisia, Algeria na Moroko. Besi ya mashine pale ni nzito sana, na bado ala za jadi hazizami.

8. Kupanga wimbo

Acha dakika mbili za mwanzo bila mashine, au na sauti ile moja ndefu tu. Kiki iingie pale mchoro wa mwendo unapopanda kwa mara ya kwanza. Usikatize gimbri katikati ya sentensi ili “kudondosha” biti kama kwenye nyimbo za klabu. Ukitaka pumziko, tumia mbinu ambayo Mmisri Halim El-Dabh aliitumia Kairo mwaka 1944. Aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka kituo cha redio, akarekodi sherehe ya zaar, ambayo ni ndugu wa ngoma zetu za pepo, kisha akaziondoa sauti za msingi na kubakiza zile za juu na mwangwi. Hiyo ni miaka minne kabla ya majaribio ya Pierre Schaeffer kule Paris ambayo vitabu vingi huyataja kuwa mwanzo. Muziki wa kanda, babu wa hizi plagini zetu, ulifanywa Afrika kwa sauti za wanawake wa zaar, na sisi wenyewe ni wachache tunaolijua hilo.

Kwa vitendo: weka chujio kwenye gimbri, pandisha taratibu mpaka masafa yote ya chini ya 400 Hz yaishe. Ule mvumo wa bati shingoni unabaki peke yake, pamoja na pumzi ya chumba. Mpigo unaendelea, hakuna kilichokatizwa. Mizunguko minne hivi, kisha rudisha uzi mzito na kiki kwa pamoja.

Mwangwi wa dilei uufunge kwenye tempo ya ramani yako, sio kwenye milisekunde, la sivyo utaachwa nyuma. Mwisho wa wimbo uwe mwisho wa maalem. Hakuna kufifisha.

9. Kama ala yako ni ya maqam

Ukitoka kwenye gnawa ukaenda kwenye muziki wa Tunisia au Misri utakutana na noti zilizo katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Kwenye maqam (skeli ya muziki wa Kiarabu) ya Bayati inayoanzia D, ile E iko nusu ya njia kati ya E na E-bemoli, na kwenye Rast inayoanzia C ni E na B. Mafundi wa qanuni na udi wa Zanzibar wanazijua kwa vidole. Kama uko karibu na mmoja, nenda ukamwombe akuchezee, ni bora kuliko video yoyote.

Kwenye kompyuta, fanya hivi. Weka upana wa pitch bend (kipinda sauti) ya sinthi kuwa nusu-toni mbili. Kila E ipewe thamani ya hasi 2048, yaani senti 50 chini, na noti nyingine sifuri. Kwa sauti nyingi kwa pamoja njia hiyo haitafaa, maana itavuta zote. Hapo tumia sinthi inayosoma faili za skeli, au Live 12 yenye mifumo ya kufunga sauti ndani yake, au Leimma, programu ya bure inayofunguka kwenye kivinjari, aliyoitoa mwanamuziki Khyam Allami na wenzake mwaka 2021. Senti 50 ni makadirio. Mwimbaji wa Kairo na wa Tunis hawaiweki noti ile mahali pamoja, kwa hiyo pima ya mtu unayefanya naye kazi.

10. Jukwaani

Ramani ya studio haikusaidii tena, kwa sababu usiku wa leo maalem atakwenda na watu wa leo. Usimpe metronomu sikioni. Weka pedali ya kugonga tempo mguuni kwako, na kazi yako kubwa jukwaani iwe kumtazama mkono na kugonga. Gonga mara nne kila mara anapopanda, kisha acha. Lupu ndefu ziache nyumbani, chukua mapigo mafupi na sinthi zinazofuata saa ya mashine. Singeli imewazoesha vijana wetu kasi kubwa kuliko hizi, kwa hiyo atakayekuwa na mkono wa kugonga kwenye 200 hatapata taabu kwenye 130. Taabu itakuwa kule chini, kwenye 90, ambako kosa dogo linasikika.

Ngozi ya gimbri ni kama spika iliyogeuzwa. Besi ya jukwaani ikiipiga, inaanza kuvuma yenyewe, na ndani ya sekunde mbili ukumbi wote unalia. Mweke maalem nyuma ya mstari wa spika za besi, tumia kipokea sauti cha kubandika kwenye mbao badala ya maiki, na wakati wa kujaribu sauti pandisha taratibu mpaka ianze kuvuma. Soma ni masafa gani, kwa kawaida ni karibu na uzi mzito wenyewe, ukate kwa upana mwembamba, desibeli sita. Pandisha tena. Ikivuma mahali pengine, kata na pale. Baada ya mikato miwili au mitatu inatulia. Fanya hivyo ngozi ikiwa imeshapata joto la taa, maana iliyopimwa saa kumi jioni ukumbi ukiwa mtupu sio ileile itakayopigwa saa sita usiku.